Ndugu usipande Mbarali kwa sababu Dar inanyesha (uzi wa mvua, milima na pepo za nchi yetu)

Mtu wa Semi – #1

Wakuu habari za saa hizi.

Jana kuna ndugu yetu aliuliza humu, mvua zimeanza Dar, yeye ana ekari 5 amekodi Mbarali, mkoa wa Mbeya, je atume hela kijana wake aanze kupanda mahindi. Watu wakamjibu haraka haraka, panda mkuu, mvua ya kwanza ndio ya kupandia. Nimesoma nikakosa raha kabisa, kwa sababu mimi hilo jambo limeshanipiga.

Nilikuwa bado utingo kipindi hicho, nikadunduliza nikakodi ekari 2 upande wa Igawa, huko huko Mbarali, mwezi wa 10 niko Dar tunashusha mzigo mvua ikanikuta Buguruni, kubwa kweli, mitaro imejaa. Nikampigia mtu akapanda zile ekari zote siku tatu. Mvua ya kule ikaja kuanza vizuri katikati ya mwezi wa 12! Mbegu zote zilikuwa zimeshaliwa na mchwa na panya, zilizobaki zilichipua kwa manyunyu ya siku moja zikaungua na jua. Mzee mmoja wa pale nilipoenda kuangalia akaokota punje moja akaibonyeza kwa kucha ikatoka unga mkavu, akaniambia "mwanangu, umepanda kwa mvua ya watu wengine." Hilo neno sijalisahau mpaka leo.

Tangu hapo nikaanza kuangalia hii nchi kwa makini kila nikipita. Sasa hivi naendesha mwenyewe Dar kwenda Mbeya, Tukuyu, mara nyingine mpaka Kyela, na nimeuliza sana, wazee, mabwana shamba, watu wa hali ya hewa. Naomba niwaeleze kwa njia ninayoijua mimi, barabara.

Ukitoka Dar uko chini kabisa, joto na unyevu, shati linakugandia mgongoni. Morogoro unakutana na Uluguru. Ile milima sio pambo, upepo unaotoka baharini umebeba maji, ukigonga Uluguru unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unashindwa kubeba maji unayamwaga hapo hapo. Ndio maana upande wa mashariki kule Kinole kunanyesha karibu mwaka mzima na mto Ruvu unaowanywesha watu wa Dar chanzo chake ni huko. Sasa pita uje nyuma ya mlima, nenda Mikumi nenda mpaka Ruaha Mbuyuni, unaona mibuyu tu na vichaka vya miiba, joto la kukaushia samaki. Maji yameshamwagwa kule mbele, huku kinafika kitu kikavu.

Ruaha Mbuyuni uko kama mita 500 na kitu tu kutoka usawa wa bahari. Hapo unanunua vitunguu, unaingia mlima Kitonga. Gia ya chini kabisa, kona baada ya kona, na ukifika juu unakaribia Ilula uko zaidi ya mita 1,300. Mimi huwa nafungua kioo chini pale Mbuyuni, na kila safari kabla sijamaliza Kitonga nimeshakifunga bila hata kufikiria. Ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi 6 hivi, hiyo ni hesabu ya kila mahali duniani ila Kitonga unaisikia kwenye mkono uliouweka dirishani.

Halafu Iringa, Mafinga, Makambako na upepo wake ambao ukishuka kufunga turubai peke yako unaweza kukubeba. Kutoka Makambako unashuka tena! Igawa, Chimala, hapo ndio bonde la Usangu, ndio Mbarali ya ndugu yetu. Joto limerudi, ng'ombe, mpunga. Ukiinua macho kushoto unaona ukuta wa milima, na pale Chimala kuna barabara ya kupanda Matamba inaitwa kona 57. Nilipanda mara moja na fuso kufuata viazi, Chimala nilikuwa na fulana inatiririka jasho, Matamba nikaazima koti la mwenye mzigo. Ukiendelea kule juu ni Kitulo, mita 2,600 hivi, mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi majani yamepigwa sakitu, yaani umande ulioganda, meupe yote. Unasimama kwenye sakitu unaangalia bonde la mpunga chini yako.

Kwa hiyo ndugu yangu wa ekari 5, mvua yako wewe sio ya Dar. Nitaeleza kwa nini hapa chini, ngoja nishushe mzigo kwanza.

---

Ekari Tano – #2

Mkuu ni mimi niliyeuliza. Asante sana, nilikuwa nimeshamtumia kijana hela ya mbegu. Nimempigia sasa hivi nimemwambia asimame kwanza. Naomba uendelee, kwa nini Dar inyeshe na Mbarali pasinyeshe wakati nchi ni hii hii?

---

Mtu wa Semi – #3

Asante kwa kumsimamisha, nimefurahi kweli.

Iko hivi. Kuna mkanda wa mvua unaolifuata jua. Jua likienda kusini na mkanda unalifuata nyuma nyuma, jua likirudi kaskazini na wenyewe unarudi. Mwezi wa 9 jua liko juu ya ikweta linaelekea kusini, kwa hiyo mwezi wa 10 mpaka wa 12 mkanda unapita juu ya kaskazini yetu na pwani ya kaskazini, hiyo ndio VULI. Dar, Tanga, Zanzibar, Kilimanjaro, Arusha, Mwanza, Bukoba wanapata. Halafu unaendelea kusini, ndio maana mwezi wa 1 na wa 2 Dar ni jua kali. Unarudi mwezi wa 3 mpaka wa 5, hiyo MASIKA. Kwa hiyo hao wanapitiwa mara mbili, kwenda na kurudi.

Sisi wa kusini, nyanda za juu, magharibi na kati, yaani Mbeya, Njombe, Iringa, Songwe, Rukwa, Katavi, Tabora, Ruvuma, Lindi, Mtwara, Dodoma, Singida, mkanda unafika kwetu ndio unageuzia hapa hapa. Kwenda na kurudi kunaungana kunakuwa kitu kimoja, kuanzia mwezi wa 11 kwenda wa 12 mpaka wa 4. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanaita mvua za MSIMU, ukisikiliza utabiri wao wanatoa wa vuli peke yake na wa msimu peke yake. Watu wengi wanasikia "mvua zimeanza" hawaulizi ni zipi.

Sasa ndugu yangu hata ndani ya msimu Mbarali inachelewa na iko kavu kuliko jirani zake, kwa sababu iko shimoni nyuma ya milima. Maji unayoyaona kwenye mifereji ya mpunga hayakunyesha hapo, yalinyesha kwenye milima ya Uporoto na Kipengere kule juu, yanashuka na mito. Mahindi ya kutegemea mvua ni habari nyingine kabisa na mpunga wa mfereji.

---

Binti Rungwe – #4

Kaka umefika Tukuyu umeipita bila kuisemea! Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu, kwetu mtoto anajifunza kutembea na mwavuli. Mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa 4 ndio usiseme, nguo unafua Jumatatu unaanua Ijumaa na bado ina harufu ya unyevu.

Babu yangu alikuwa anatuonesha kutoka nyumbani. Chini kule ni ziwa Nyasa. Kushoto ukuta wa milima ya Livingstone, kulia milima ya Ileje, katikati ni kama mdomo wa faneli na mdomo wenyewe umeelekea ziwani. Upepo wa kusi unapita juu ya ziwa unachota maji, unaingia kwenye ile faneli hauna pa kutokea, mbele yake kuna mlima Rungwe karibu mita 3,000. Unapanda unamwaga. Kuna asubuhi unaona kabisa wingu linatoka Matema linapanda taratibu kama moshi wa jikoni, saa 8 mchana limefika kwenye migomba yetu.

Na udongo! Ule weusi ni majivu ya volkano. Hapa kwetu ndio matawi ya Bonde la Ufa yanakutana, la magharibi lenye Tanganyika, Rukwa na Nyasa na la mashariki linalotoka Natron na Manyara. Ndio maana tuna Rungwe, tuna ziwa Ngosi lililokaa kwenye shimo la mlima, na Daraja la Mungu pale Kiwira, jiwe la volkano ambalo mto umelitoboa chini. Ndizi, chai, parachichi, kakao ya Kyela, vyote vimekaa juu ya ule moto wa zamani. Ukiteremka Kyela, hata kilomita 60 hazifiki, unakuta michikichi na kakao na mpunga wenye harufu na joto kama la Dar.

---

Mwana wa Gonja – #5

Uzi mzuri sana huu. Na sisi wa Upare tuna la kwetu. Kila mtu anayepita na basi kwenda Moshi anaiona Same, vumbi, miiba na mbuzi, anaondoka na picha kwamba Wapare wanaishi jangwani. Kaka panda mlimani! Mama yangu ametoka Mamba Miamba, kule tangawizi zinalimwa mpaka zinaenda nchi za nje, asubuhi huoni mtu wa mita 10 kwa ukungu. Mlima ni ule ule mmoja, Same iko mgongoni mwake, upepo wa bahari unagonga upande wa pili.

Usambara vivyo hivyo, Lushoto watu wanalima kabichi na pichi wamevaa sweta, chini Mombo ni mkonge na joto.

Wazee wetu walilijua hili ndio maana walichimba ndiva, mabwawa ya kukusanya maji ya vijito usiku ili asubuhi yateremshwe mashambani kwa zamu. Hawakuwa na kipimo cha mvua lakini walijua maji yako juu na shamba liko chini.

---

Mgogo Halisi – #6

Mkuu #1 nashukuru ila naomba nirekebishe kitu, umewataja watu wa kati juu juu tu na wengi wakisikia Dodoma ni kavu wanadhani iko chini kama Mbuyuni. HAPANA. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100, ni uwanda wa juu, mwezi wa 6 na wa 7 usiku baridi yetu inakata masikio, mgeni anakuja na fulana anaishia kununua blanketi.

Ukavu wetu ni mwingine, milima yote ya mashariki kuanzia Uluguru, Ukaguru na Rubeho imeshachukua haki yake kabla upepo haujafika. Sisi tunapata milimita 570, 600 hivi, na zote ni ndani ya miezi 5, halafu kuanzia wa 5 mpaka wa 11 hakuna tone. Na hata ndani ya msimu mvua inaweza kunyesha siku 2 ikakata wiki 3. Ndio maana Mgogo analima uwele na mtama, hajakosa akili ya kulima mahindi, anajua ardhi yake. Na hilo jua na ukavu ndio zabibu inalipenda, zabibu ikikaa kwenye unyevu wa Tukuyu inaoza yote na ukungu, huku kwetu tunavuna mara 2 kwa mwaka.

---

Mtu wa Semi – #7

Mgogo Halisi nimekubali, ni kweli, huwa nalala Dodoma mara chache ndio maana. Asante kwa kunirekebisha.

---

Mhaya wa Ziwani – #8

Kutoka Bukoba. Sisi mlima hatuna mkubwa wa kusema, mvua yetu inatoka ziwani na inakuja ALFAJIRI. Wageni wanashangaa, kwao mvua ni ya jioni.

Nilielezwa na fundi mmoja wa kituo cha hali ya hewa, usiku nchi kavu inapoa haraka ila ziwa linabaki na joto la mchana. Hewa ya baridi inateremka kutoka pande zote kuelekea ziwani, zinakutana katikati, zinasukumana kwenda juu, wingu linajengeka usiku kucha radi tupu. Halafu upepo wa jumla unatoka mashariki unalisukuma lije magharibi, yaani kwetu. Saa 11 alfajiri linatua Bukoba. Ndio maana tunapata milimita 2,000 hivi kwa mwaka na Musoma, ziwa lile lile upande wa pili, haifiki 1,000. Wao linawakimbia.

Hii sio habari ya kupendeza tu. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku, na usiku ndio hilo wingu liko juu yao katikati ya ziwa. Mimi nimezika binamu. Ziwa Victoria ni kubwa, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, ila kina chake ni kifupi, mita 80 tu hivi, na maji ya kina kifupi upepo ukiyapiga yanasimama mawimbi mafupi mafupi yenye hasira, mtumbwi haupati nafasi ya kupumua. Jioni ukiona radi zinacheza upande wa visiwa kaa nchi kavu hata kama taa umeshazijaza chaji.

---

Ekari Tano – #9

Pole sana kwa binamu yako ndugu. Sikujua kabisa hili la usiku.

---

Mwisho wa Reli – #10

Pole mkuu. Kigoma huku ziwa ni kinyume, Tanganyika ni mpasuko, kina mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Maji ya juu yako mita 770 na kitu juu ya bahari, kwa hiyo sakafu ya ziwa iko mita zaidi ya 600 CHINI ya bahari. Ukitoka ufukweni hatua chache unazama.

---

Wete Kusini – #11

Assalaam alaykum. Naona mnasema nyakati mbili tu, vuli na masika, lakini sisi Pemba mwaka tunaugawa kwa pepo, ndivyo wazee walivyotupa.

Kaskazi inavuma kuanzia mwezi wa 11, 12 mpaka wa 3, inatoka juu huko Arabuni na Bara Hindi, ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Omani. Ni kavu na joto. Ikigeuka tunapata masika, mvua kubwa. Halafu kusi, kuanzia mwezi wa 4 kwenda wa 9, ndiyo iliyokuwa ikiyarudisha majahazi kwao. Ndani ya kusi kuna kipupwe, mwezi wa 6 hadi wa 8, ubaridi mtamu na bahari inachafuka, na hapo katikati kuna mvua ndogo tunaziita mchoo. Watu wa bara siwasikii mkizitaja. Kisha demani, kusi inapolegea, kisha vuli. Nahodha aliyekosa kusi alikuwa anakaa kwetu mpaka mwaka wa pili, ndio wengine wakaoa hapa hapa.

Na Pemba si sawa na Unguja. Unguja zamani bahari ilipokuwa chini ilishikana na bara, mkondo wake wa maji hauna kina kirefu. Pemba imetengwa na bara na mkondo wa kina kirefu sana. Ni vilima na mabonde, mvua nyingi kuliko Unguja, ndio karafuu ikakubali.

---

Kijana wa Kurasini – #12

Yote haya sawa lakini si ni mambo ya zamani? Saivi hali ya hewa imevurugika, wazee wenyewe hawaelewi tena, vuli inakuja inavyotaka. Mtu apande tu aombe Mungu.

---

Mtu wa Semi – #13

Mdogo wangu nakuelewa unapotokea, ila hapo sikubaliani. Imevurugika kweli, kwa hiyo ndio unahitaji kujua ZAIDI.

Angalia vuli ya 2019 na ya 2023. Bahari ya Hindi huku kwetu ilipata joto kuliko upande wa Indonesia, joto likiwa huku mvuke uko huku, vuli inakuwa kubwa kupita kiasi. 2023 ikaongezeka El Nino juu yake. Tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka 2023 tope na mawe vikashuka kutoka mlima Hanang vikaingia Katesh, watu zaidi ya 80 wakafariki. Hanang ni volkano ya zamani, mita 3,417, imesimama peke yake kwenye uwanda mkavu. Nilipita na mzigo baadaye, kulikuwa na mlango wa nyumba umesimama wima kwenye tope na kufuli lake bado limefungwa, nyumba yenyewe haipo. Mlima haukubadilika, ni ule ule wa kila siku unaoleta maji kwa Katesh. Kujua kwamba maji yote ya mlima yanapita wapi ndio kujua usijenge wapi.

Na mwezi wa 5 mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilifika mpaka Mafia. Vimbunga kwetu ni nadra kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hautoi msokoto wa kutosha, ila nadra sio kwamba hakiji, barabara ya Lindi ilikatika na malori yalikaa foleni siku kadhaa.

Na Ruaha Mkuu, tangu miaka ya 1990 kiangazi unakauka kule hifadhini. Vyanzo vipo na mvua za Makete zipo, ila njiani maji tunayamaliza Usangu kwenye mifereji na kinamasi cha Ihefu kinabaki matope. Maji hayo hayo yanategemewa Mtera na Kidatu kwa umeme. Hapo ni sisi wenyewe, sio mbingu.

---

Nyumba Kibo – #14

Naongezea ya Kilimanjaro kwa ufupi maana nina mtoto mgonjwa. Kusini mwa mlima, Marangu, Machame, Kibosho, migomba na kahawa na mifereji. Zunguka kaskazini nenda Rongai mpaka Kamwanga, kunakauka. Na ile theluji ya mita 5,895, zaidi ya asilimia 80 imeondoka tangu 1912. Baba yangu alikuwa anaiona imeteremka mpaka mabegani, mimi naona kofia, mwanangu ataona nini sijui.

---

Binti Rungwe – #15

Mama Kibo Mungu amponye mtoto.

---

Ekari Tano – #16

Nimesoma yote mara mbili. Kijana nimemwambia alime tu sasa hivi ardhi ikiwa kavu, atengeneze matuta, mbegu aziweke kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka nimwambie. Mkuu swali la mwisho, nitajuaje kwamba hii sasa ndio yenyewe sio manyunyu ya kudanganya?

---

Mtu wa Semi – #17

Swali zuri. Kwanza sikiliza utabiri wa msimu wa kanda yako, sio wa nchi nzima. Pili mwambie kijana mvua ikinyesha asubiri kesho yake asubuhi achimbe kwa jembe kiganja kizima chini. Achukue udongo wa pale chini aukamue mkononi, ukishikana donge na usipasuke akifungua mkono, maji yamefika. Ukiwa mbichi juu na vumbi chini, hayo ni manyunyu, asiguse mbegu. Halafu amuulize mzee jirani, kule Igawa huwa wanaangalia upepo unaoinua vumbi jioni kutoka upande wa Makambako, ukikoma siku kadhaa mfululizo na usiku kukawa na joto la kukosesha usingizi, wanaanza kunoa majembe.

Mimi kesho saa 10 usiku napakia Tandale, kesho kutwa napita hapo Igawa. Nitashuka nichimbe hicho kiganja pembeni ya barabara nikuletee jibu humu humu.